Leseni ya Dereva: Ushahidi wa Uso na Ushahidi wa Mkono

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Somo tulilolichagua kwa darasa letu safari hii ni jambo ambalo watu wengi hulihesabu kuwa la ofisini tu, lisilo na uhusiano na dini. Nalo ni lile sharti la picha na sahihi katika leseni ya dereva. Lakini mtu akilitazama kwa makini ataona kuwa ndani yake mna masuala matatu makubwa. Je, yafaa Mwislamu kupigwa picha? Je, ni haki kwa serikali kumtaka mwanamke ajisitiriye afunue uso wake? Na je, mtu atiapo mkono wake katika karatasi ya serikali ameahidi nini, na amemwahidi nani?

Tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, wako miongoni mwa ndugu zetu wanaowazuia binti zao na wake zao kutafuta leseni, kwa hoja kwamba picha ni haramu, ilhali mifukoni mwao wenyewe mna vitambulisho na pasipoti zenye picha zao. Ya pili, wako wengine wasiojali kabisa, ambao kwao leseni ni kitu cha kumwonyesha askari barabarani, basi hawaulizi imepatikana kwa njia gani. Wale wa kwanza wamekaza pale sheria ilipolegeza, na hawa wa pili wamelegeza pale sheria ilipokaza. Wote wawili wahitaji kukumbushwa, na sisi pamoja nao.

LESENI NI NINI, NA PICHA ILIINGIAJE

Leseni ni idhini, na idhini hapewi ila mtu maalumu. Gari ni chombo chenye manufaa makubwa, lakini mkononi mwa asiyejua ni silaha. Kwa hivyo wenye mamlaka humjaribu mtu, wakimwona anaweza humwandikia ruhusa. Ruhusa hiyo ni yake yeye peke yake. Haiuzwi, hairithiwi, wala haiazimwi kama jembe au mwavuli.

Hapo mwanzo leseni haikuwa na picha. Uingereza ilitunga sheria ya magari mwaka 1903, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Kila dereva alitakiwa kuwa na leseni, akalipa shilingi tano, wala hakuulizwa kama anajua kuendesha. Mtihani wa lazima haukuja mpaka mwaka 1935, na kadi yenye picha haikuanza kutolewa huko mpaka mwaka 1998. Basi kwa miaka zaidi ya 90 kilichomfunga mtu na leseni yake kilikuwa ni jina lake, makao yake na sahihi yake.

Kwa nini picha ikaongezwa? Kwa sababu jina laweza kutajwa na yeyote. Askari akimsimamisha mtu usiku na kupewa karatasi yenye jina, hana njia ya kujua kama aliyeishika ndiye aliyeandikwa. Picha humpa jibu la karibu pale pale. Mataifa yalipokubaliana juu ya mambo ya barabara katika Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949, na baadaye katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, vielelezo vya leseni za kimataifa viliwekewa mahali pa picha na mahali pa sahihi. Marekani nayo ilitunga sheria mwaka 2005 inayoitwa REAL ID, ikataja kuwa kadi ya leseni itakayokubaliwa na serikali kuu sharti iwe na picha ya dijitali ya mwenyewe na sahihi yake. Sheria hiyo iliahirishwa mara nyingi, na haikuanza kutekelezwa katika viwanja vya ndege vya nchi hiyo mpaka tarehe 7 Mei 2025.

Kwetu Kenya, sheria ya barabara, ambayo ni Sura ya 403, yamtaka dereva awe na leseni na aitoe polisi anapoitaka. Watu wazima wakikumbuka vizuri kile kijitabu chekundu chenye picha ya mwenyewe. Tangu mwaka 2017 Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) ilianza kutoa badala yake kadi yenye chipu, ambayo huchukua habari za mwenyewe ndani yake.

Hizo ndizo habari za jambo lenyewe. Sasa natutazame dini yasema nini, tuanze na sahihi, kwani hiyo ndiyo iliyo nyepesi kufahamika, na ndiyo inayodharauliwa zaidi.

SAHIHI NI AHADI

Baadhi ya watu hudhani kuwa kutia sahihi ni desturi ya Wazungu. Hilo si kweli. Katika Sura ya Al-Baqara imo aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, nayo yahusu deni: Waumini wameamrishwa waandike, awepo mwandishi mwadilifu, na wawepo mashahidi. Dini iliyoanza kwa kuamrishwa kusoma haikuacha mambo ya watu yaelee katika maneno ya mdomo tu.

Na lililo wazi zaidi ni habari ya pete ya Mtume (s.a.w.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alipotaka kuwaandikia wafalme wa mataifa ya kigeni, aliambiwa kwamba watu wale hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Mtume hakusema kuwa hiyo ni mila ya makafiri, tusiifuate. Alitengeneza pete ya fedha, ikanakishiwa jina lake na utume wake, akawa akipiga muhuri kwayo. Kisha akawakataza watu wasinakishi pete zao mfano wa nakshi ile. Baada yake pete ikashikwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman, mpaka ikaanguka katika kisima cha Aris wakati wa ukhalifa wa Uthman, ikatafutwa isionekane.

Tazama, ewe msomaji, mafunzo yaliyomo katika habari hii fupi. La kwanza, sharti la ofisi likiwa na manufaa na halivunji amri ya Mungu, Mwislamu hulitimiza, hata kama limeanzia kwa watu wengine. La pili, alama ya mtu ni ya mtu huyo peke yake, na kuiga alama ya mwingine kumekatazwa tangu siku hiyo. Kwa hiyo anayeghushi sahihi ya mwenziwe asidhani kuwa ameikosea serikali peke yake.

Na neno lenyewe katika lugha yetu lina mazingatio. Twaita alama hiyo "sahihi", na sahihi ni kitu kilicho kweli, kisicho na kasoro. Mtu atiapo mkono wake chini ya fomu ya leseni, asema kwa wino: mimi ndiye fulani, umri wangu ni huu, macho yangu yaona, sina maradhi yanayonizuia kuendesha, na yote niliyoyaandika juu ni kweli. Ikiwa mojawapo si kweli, basi amesema uwongo mbele ya mashahidi, na Malaika wamekwisha kuandika kabla karani hajaandika.

Asiyejua kuandika naye hakuachwa. Mwaka 1858 afisa mmoja wa Kiingereza katika Bengal, William Herschel, alimtaka mkandarasi apige alama ya kiganja chake chini ya mkataba, na kutoka hapo utumiaji wa alama za vidole katika hati ukaenea duniani. Dole gumba la mkulima asiyesoma lina nguvu ile ile ya kalamu ya mwanachuoni. Lakini na ahadi yake ni ile ile.

HUKUMU YA PICHA

Hadithi zilizo sahihi zimekemea vikali watengenezao sura. Hilo halina ubishi, na hatutaki kulipunguza. Lakini wanavyuoni waliulizana, ilipotokea kamera, kama kupiga picha ndiko kule kutengeneza sura kulikokatazwa. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914, na ambaye alifariki mwaka 1935, aliandika risala maalumu kuieleza hoja yake. Alisema kuwa mpiga picha haumbi wala hachongi. Yeye hukizuia tu kivuli kilichokwisha kuumbwa na Mungu, kama vile kioo kinavyokipokea, isipokuwa kamera hukidumisha. Kwa rai hiyo picha ya kamera yafaa maadamu kinachopigwa na makusudio yake hayana ubaya.

Wengine hawakuikubali rai hiyo. Miongoni mwao ni Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, ambaye alikuwa mkali sana katika suala la picha. Hata hivyo yeye pia aliruhusu picha ya kitambulisho na ya pasipoti kwa sababu ya dharura, kwa kuwa mtu hana njia nyingine.

Basi angalia: anayeruhusu ameruhusu, na anayekataza ametoa katika makatazo yake picha ya hati. Wote wawili wamekutana katika leseni. Kwa hivyo anayemzuia mkewe au binti yake asipate leseni kwa ajili ya picha, huku yeye mwenyewe ana yake, hafuati rai ya mwanachuoni yeyote katika hawa. Afuata ada aliyoikuta nyumbani, akaivika kilemba cha dini.

HUKUMU YA USO

Hapa ndipo penye uzito. Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu uso wa mwanamke mbele ya wasio maharimu wake. Wengi wao wamesema uso na viganja si katika vinavyolazimu kufunikwa. Wengine wakasema kuufunika ni wajibu, au ni wajibu panapohofiwa fitina. Sisi hatuingii katika ugomvi huo leo, wala hatumlaumu dada yetu anayevaa nikabu kwa kuitakidi kuwa ndiyo amri ya Mola wake. Suali letu ni moja: hata kwa yule asemaye kuwa kuufunika ni wajibu, je, hakuna wakati unaofaa kufunuliwa?

Upo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho ndicho tegemeo la watu wa madhehebu ya Shafi katika pwani yetu, kwamba kutazama kunahalalika kwa ajili ya kuamiliana, na kutoa ushahidi, na kufundisha, na mfano wa hayo, kwa kadiri ya haja. Na ibara hii ya "kadiri ya haja" ndiyo roho ya somo letu lote, tena ina pande mbili.

Upande wa kwanza wamhusu raia. Kukiwa na haja ya kweli ya kumtambua mtu, kama vile anayeuza shamba, au anayesimama mbele ya kadhi, uso hufunuliwa. Na leseni ni muamala na ni ushahidi kwa pamoja: serikali yaamiliana naye kwa kumpa idhini, nayo yamshuhudia mbele ya umma kuwa huyu ndiye tuliyemjaribu. Picha ya kitambaa haimshuhudii mtu. Lau wanawake mia wenye nikabu wangepigwa picha hivyo, kadi moja ingewatosha wote mia.

Upande wa pili wamhusu mwenye ofisi. Haja ikiisha, ruhusa nayo imekwisha. Ikiwa haja ni kuuona uso, basi ni uso tu, tangu paji mpaka kidevu. Nywele, masikio na shingo havimo. Ikiwa mwanamke aweza kumpiga picha mwanamke mwenziwe, basi hakuna haja ya mwanamume. Ikiwa chumba chaweza kufungwa, basi hakuna haja ya mlango wazi na foleni ya watu wanaochungulia.

HUKUMU TATU ZA NCHI ZA MBALI

Ili wanafunzi wetu waone kuwa jambo hili si la Waislamu peke yao, na kwamba mahakimu wasiokuwa Waislamu walilipima karibu kwa mizani ile ile, tutaeleza kesi tatu.

Ya kwanza ilitokea katika jimbo la Nebraska, Marekani. Mwanamke mmoja wa Kikristo alikataa picha katika leseni yake kwa kushika ile amri ya Taurati iliyokataza kutengeneza mifano ya vilivyo mbinguni na duniani. Hakuwa akicheza: nyumbani kwake hapakuwa na picha wala televisheni, na alikuwa akiondoa hata picha zilizobandikwa katika makopo ya chakula. Mahakama ya rufani ilimpa haki mwaka 1984. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1985 mahakimu wanane waliosikiliza wakagawanyika wanne kwa wanne, kwa hivyo ushindi wake ukathibiti. Hoja iliyomsaidia ni hii: jimbo lenyewe lilikuwa likiwapa watu wa namna nyingine, kama wanaojifunza, ruhusa zisizo na picha. Basi lisingeweza kusema kuwa haliwezi kabisa kufanya kazi bila ya picha.

Ya pili ni ya jimbo la Florida. Bibi wa Kiislamu alipewa leseni mwaka 2001 yenye picha aliyovaa nikabu. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba mwaka ule, wakuu wa jimbo walimtaka apigwe picha nyingine ya uso wazi. Alipokataa, leseni ikafutwa. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1998 ilisema kuwa serikali haina ruhusa ya kumlemea mtu katika dini yake ila kwa maslahi makubwa, na kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote. Mahakamani alikuja mtaalamu wa sheria ya Kiislamu akaeleza, kwa upande wa serikali, kwamba sheria yetu yaruhusu uso kufunuliwa kwa haja. Na serikali ilikuwa tayari kumpa mpiga picha mwanamke, pasiwepo mtu mwingine. Hakimu aliamua mwaka 2003 kwamba jimbo lina haki, na mahakama ya rufani ikakubali mwaka 2006.

Ya tatu ni ya jimbo la Alberta, Kanada. Huko wako Wakristo waitwao Wahutteri, ambao huishi pamoja kwa ukulima, na ambao pia hukataa picha. Tangu mwaka 1974 jimbo hilo lilikuwa likitoa leseni za picha, lakini likiwapa udhuru wenye itikadi hiyo. Watu 450 hivi walikuwa na leseni zisizo na picha. Mwaka 2003 udhuru ukaondolewa, kwa sababu jimbo liliweka hazina ya picha katika kompyuta, ili kila picha mpya ilinganishwe na zote zilizomo, asije mtu mmoja akachukua leseni kwa majina mawili. Wahutteri wa koloni la Wilson walishtaki, wakashinda katika mahakama mbili za chini. Lakini tarehe 24 Julai 2009 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kinyume chao, mahakimu wanne kwa watatu. Wale watatu walisema neno la kuzingatiwa: kuna watu zaidi ya 700,000 katika jimbo hilo wasio na leseni kabisa, na kwa hivyo hawamo katika hazina ile, je, mia chache za wakulima wacha Mungu ndizo zitakazoiharibu?

Twajifunza nini? Kwanza, hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Mwaka 1985 haja ya picha ilikuwa ni askari amtazame mtu barabarani. Mwaka 2009 haja ilikuwa ni kuzuia ulaghai wa majina kwa mashine. Haja ilipobadilika, na hukumu ilibadilika. Pili, mwenye dini ya kweli husikilizwa zaidi anapoonyesha kuwa ameishi kwa itikadi yake, si kuikumbuka siku ya ofisi tu. Tatu, sisi Waislamu tuna kipimo ambacho Wahutteri hawakuwa nacho. Kwao katazo halina mlango, na ndiyo maana hasara yao ilikuwa kubwa. Kwetu mlango umefunguliwa na wanavyuoni wetu tangu karne nyingi, ni juu yetu kuupita kwa adabu.

MPAKA WA MWENYE OFISI

Pengine msomaji atasema: mbona mwawapa wakuu haki yote? La, hatuwapi. Wazee wetu wa nchi hii wanajua hati yaweza kuwa nini mikononi mwa mwenye nguvu. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na ikatekelezwa baada ya vita, kuanzia mwaka 1919. Wanaume Waafrika waliotimiza miaka 16 walilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyao, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Hati ile haikumshuhudia mtu kwa wema wake. Ilimfunga kwa bwana wake. Basi anayeshuku hati za serikali si mjinga. Ana kumbukumbu.

Lakini dawa ya dhulma si kuikataa hati. Ni kuitia hati mpaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imehifadhi faragha ya mtu katika kifungu cha 31, na uhuru wa dhamiri na dini katika kifungu cha 32, na humo imesemwa kuwa mtu asilazimishwe kutenda linalopinga dini yake. Mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kulinda habari za watu. Na tarehe 30 Januari 2020, katika kesi iliyoletwa na jumuiya ya haki za Wanubi pamoja na wengine juu ya ule mpango wa Huduma Namba, Mahakama Kuu ilikataa serikali kukusanya habari za DNA na za mahali makao ya mtu yalipo kwa vipimo vya setilaiti, kwa kuwa hayo yameingilia faragha na hayakuwa na ulazima. Haikuukataa usajili wenyewe, bali iliutia masharti. Hiyo si nyingine ila "kadiri ya haja", iliyosemwa na mahakimu kwa maneno yao.

Kwa hivyo twawanasihi dada zetu: nenda ofisini bila ya hofu. Vaa mtandio wako usio na kivuli usoni. Uombe kwa upole mwanamke akupige picha, na uombe mahali pa stara. Ukijibiwa vibaya, usipige kelele wala usirudi nyumbani ukasema dini imenizuia. Andika barua kwa mkubwa wa ofisi, utaje kifungu cha katiba, utie sahihi yako. Na wenye ofisi nao twawakumbusha: anayeomba stara haombi upendeleo. Nchi kama Uingereza na Marekani huwakubalia wenye dini zao kufunika kichwa katika picha za pasipoti, maadamu uso unaonekana. Kenya haina sababu ya kushindwa na hilo.

KHIYANA INAYOBATILISHA YOTE

Limebaki moja, nalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Tumesema picha ni ushahidi wa uso, na sahihi ni ushahidi wa mkono. Lakini vyote viwili vyashuhudia nini? Vyashuhudia kuwa mtu huyu alijaribiwa, akaonekana anaweza. Ikiwa hakujaribiwa, basi picha yaweza kuwa yake kweli, na sahihi iwe yake kweli, na leseni ikawa uwongo.

Picha yenyewe hailindi sana kama watu wanavyodhani. Mwaka 1997 wataalamu wa Uingereza walijaribu kadi za malipo zenye picha katika duka kubwa. Wauzaji walipopewa kadi zenye picha za watu wengine wanaofanana na aliyezileta, walizikubali zaidi ya nusu. Jicho la mwanadamu ni dhaifu kwa uso asiouzoea. Mlinzi wa kweli wa leseni ni uaminifu wa yule anayeichukua na yule anayeitoa.

Basi anayenunua leseni bila ya mtihani ametoa rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Anayemtuma nduguye amfanyie mtihani amesema uwongo kwa mwili wa mwingine. Anayemwazima mwenziwe leseni kwa sababu wanafanana ameiuza amana aliyopewa. Wala mtu asiseme, "Hili ni la serikali, si la Mungu." Yule mama anayepanda matatu Kisauni asubuhi na mtoto mgongoni hamjui dereva, wala hana nafasi ya kumwuliza kama alijaribiwa. Ametegemea ile kadi ndogo asiyoiona. Ameiweka roho yake na ya mwanawe juu ya picha na sahihi ya mtu mwingine. Ikiwa kadi ile ni ya uwongo, na gari likapinduka, damu ile itadaiwa kwa nani? Karani ana fungu lake, na mnunuzi ana fungu lake, na sisi tuliojua tukanyamaza hatukusalimika.

Twastaajabu kuona mtu akibishana msikitini kutoka magharibi mpaka isha juu ya picha kuwa halali au haramu, na leseni iliyo mfukoni mwake hakuifanyia mtihani. Picha iliyompa taabu wanavyuoni wameitolea njia. Rushwa aliyoinyamazia hakuna mwanachuoni aliyeihalalisha.

MUHTASARI

Picha ya leseni yafaa kwa rai zote mbili tulizozitaja. Uso hufunuliwa kwa haja ya kutambuliwa, kwa kadiri ya haja, na kwa stara. Mwenye ofisi hana haki ya kuvuka kadiri hiyo, na raia ana haki ya kumzuia kwa njia ya sheria. Sahihi ni ahadi, na uwongo ulio juu yake ni uwongo mbele ya Mungu. Na leseni isiyokuwa na mtihani haitengenezwi na picha nzuri wala sahihi nzuri.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini Mtume (s.a.w.) alikataza pete nyingine isinakishiwe mfano wa pete yake, na hilo lafanana vipi na kughushi sahihi?
2. Eleza maana ya "kadiri ya haja" kwa anayeomba leseni, kisha kwa anayeitoa.
3. Ni sababu gani iliyomfanya mwanamke wa Nebraska ashinde na Wahutteri wa Alberta washindwe?
4. Jirani yako amenunua leseni, na kesho ataanza kuendesha gari la watoto wa madrasa. Ni lipi likupasalo kabla ya asubuhi?

Swali hili la nne tunaomba kila mwanafunzi alijibu nyumbani kwake, kwa vitendo. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.